Maji Niliyobeba Kutoka Litembo

Mbamba Bay, Jumamosi mchana

Mwanangu Winfrida,

Saa hizi uko juu Litembo, umekaa jikoni kwa babu yako kumuaga, na bila shaka ameshaanza. Namjua baba yangu. Kwanza atakuita mke wangu, atakutania kwamba huko Polandi hakuna mtu anayejua kusonga ugali ukaiva, na atakumiminia kahawa isiyo na sukari. Halafu ataangalia mlangoni, na atasema kwamba yeye hamkatazi mtu kwenda, ila anauliza tu. Ukisubiri mwaka mmoja, mpaka afya yake ikae sawa, kuna ubaya gani?

Jumapili iliyopita uliniletea swali hilohilo. Ulikuwa unachambua usipa, wale dagaa wa ziwani, hukuinua uso. "Mama, naweza kuwaandikia chuo waniahirishie." Nami nikajibu, "Tutaona." Tutaona! Mtu mzima, mwalimu wa kemia, mtoto anamuuliza jambo la maisha yake, jibu lake ni tutaona. Tangu siku hiyo sina amani. Ndiyo maana naandika sasa, kabla gari la jioni halijakushusha hapa. Kesho alfajiri unaondoka, au huondoki, na mimi sijasema neno langu.

Sitaandika habari za sweta wala za kutunza pasipoti. Shangazi yako ameshayasema hayo yote, mengine mara mbili. Nataka kukueleza jinsi mimi nilivyobaki huku. Vipande umevisikia, lakini kila nikisimulia huwa najipamba, na wewe kwa adabu zako unaniacha nijipambe.

Nyumba hii unaijua. Mbele ziwa, nyuma mlima, juu bati linalotuoka wote. Watumishi wanaohamishiwa huku kutoka mikoa mingine hufika wakashangaa uzuri, wakapiga picha, na baada ya muda mfupi wanaanza kuomba uhamisho. Mimi sijaomba hata mara moja. Asubuhi nafungua dirisha naliona ziwa, na siku nyingi silioni kama maji, naliona kama ukuta. Halafu navaa viatu naenda kufundisha.

Nilipokuwa Dar es Salaam nikisoma shahada ya pili, kazi yangu ilikuwa mwanga. Wewe sasa unayajua haya kunizidi, lakini niache niyaseme kwa maneno yangu. Ioni ya yuropiamu ukiimulika ikiwa peke yake haifanyi la maana, kwa sababu inapokea mwanga kidogo mno. Lazima uizungushie molekuli zinazoishika pande zote. Hizo ndizo zinazopokea ule mwanga wa zambarau tusiouona kwa macho, zinaupitisha kwa metali iliyo katikati, na metali inautoa ukiwa mwekundu. Toa yuropiamu, weka tebiamu, na unapata kijani. Siku ya kwanza nilipouona ule wekundu kwenye kichupa changu, ndani ya chumba tulichoziba madirisha, nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kugonga mlango. Nilidhani nimetengeneza kitu ambacho Mungu alikuwa amekisahau. Ujana, mwanangu, una majivuno yake.

Kazi niliyopewa ilikuwa kupima jinsi joto linavyoupunguza mwanga huo. Ukipasha, molekuli zinatikisika zaidi, na ile nishati inapotelea njiani kabla haijatoka kama mwanga. Ukipoza, mwanga unarudi kama ulivyokuwa. Vichupa vya kwanza vilinitii vizuri. Msimamizi wangu, mama mmoja mkali ambaye hakuwa na tabia ya kusifu, aliangalia vipimo vyangu akasema, "Endelea." Kwa sisi tuliomjua, hiyo ilikuwa sherehe.

Halafu mtambo wetu wa maji safi ukaharibika. Tuliambiwa fundi anakuja, na fundi akawa anakuja tu. Krismasi ikafika, nikapanda basi kurudi nyumbani. Ilikuwa majira ya kupulizia kahawa. Babu yako alikuwa anarudi shambani jioni, bomba la dawa mgongoni, na mikono imechorwa bluu ya mrututu mpaka kwenye viwiko. Unaijua dawa hiyo ya kahawa, ile bluu inayong'ang'ania kila kitu. Nikamweleza kwamba kazi yangu imesimama kwa ajili ya maji.

"Chuo kikubwa hivyo hakina maji?" aliuliza.

"Maji yapo, baba. Ila si safi vya kutosha."

Alicheka sana. Alicheka mpaka bibi yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Asubuhi yake, kabla sijaamka, akachukua dumu, akalisugua ndani kwa mchanga na majivu, akalisuuza, akapanda nalo kwenye chemchemi ile iliyo juu ya shamba letu. Alirudi nalo begani, shati limelowa, akalitua miguuni pangu. "Haya," alisema. "Kawaonyeshe maji ni nini."

Unacheka. Cheka tu. Mkemia gani anatumia maji ya chemchemi? Nilijua. Kitabu kilisema, msimamizi alishasema, na mimi mwenyewe nilishawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lakini nilikuwa nimelishika dumu lile katikati ya miguu yangu kutoka Mbinga mpaka Dar es Salaam, na kila basi lilipoyumba nilikuwa nalikumbatia. Nilipofika nikayachuja maji yake kwa karatasi, nikayaangalia kwenye mwanga, yakawa angavu kabisa. Nikasema maji ya kwetu hayana haja ya mtambo. Nikayeyushia chumvi yangu ya yuropiamu.

Vichupa vilivyotoka hapo vilikuwa vimefifia. Unamulika, unaona wekundu wa mbali, kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Ilikuwa Januari, na Januari ya Dar es Salaam unaijua, hata ukutani kunatoka jasho. Kiyoyozi chetu nacho kilikuwa kimekufa. Nikasema ni joto. Nikaviweka kwenye barafu, vikaongezeka kidogo, maana barafu huviongezea mwanga vyote, hata vibovu. Hicho kidogo kikanitosha kujidanganya. Niliandika kurasa na kurasa juu ya joto.

Msimamizi aliangalia, akauliza swali moja. "Maji umeyatoa wapi?"

"Nyumbani, mama. Ni safi."

"Safi kwa nani?"

Nilikasirika, Winfrida. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Niliona anatudharau, sisi watu wa milimani, na kwamba anamdharau baba yangu aliyeyabeba begani. Akanishauri nikaazime maji maabara ya jirani nirudie kichupa kimoja tu. Kimoja! Nikasema ndiyo mama. Sikwenda. Nilipita mlango wa maabara ile kila siku nikielekea chakula, na sikuingia.

Ndipo ikaja simu. Babu yako alikuwa ameteleza akiparamia ngolo, yale mashimo tunayolimia mteremkoni, akateguka mguu vibaya. "Njoo mara moja tu," alisema, "nikuone, halafu utarudi kwenye masomo yako." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye maumivu, na maumivu yalikuwa ya kweli. Nikaenda, dumu lake tupu nikalirudisha. Mguu ukafungwa pale hospitalini Litembo, ukapona, akaanza kutembea na fimbo, halafu bila fimbo. Mimi nikasema ngoja tupalilie mahindi. Halafu ngoja kahawa iive. Ikaiva, nikasema ngoja tuvune. Baada ya mavuno bibi yako akaugua, na hapo hakuna aliyehitaji kuniambia kitu. Chuo kiliniletea ujumbe kwamba nafasi yangu bado ipo. Sikujibu. Baadaye waliacha kuuliza.

Watu wote walinisifu. Padre alinitaja kanisani kama mfano wa binti mwenye huruma. Nami nilikaa kwenye benchi, macho chini, nikijua kwamba sababu kubwa ya mimi kuwa pale ni woga. Niliogopa kurudi kwenye vichupa visivyong'aa na kwa mwanamke yule na swali lake. Mguu wa baba ulikuwa sababu nzuri, na nilipoishiwa na mguu nikatafuta nyingine. Nilizipata bila shida. Kwenye familia kama yetu sababu za kubaki hazijawahi kuadimika.

Kisa cha dumu nilikijua nikiwa na mimba yako. Babu yako aliniomba nilikate nimpatie chombo cha kunyweshea kuku, kwa kuwa lilikuwa limeshatoboka. Nikalikata kwa kisu cha moto. Unajua mpini wa dumu ulivyo, una uwazi ndani, mchanga haufiki huko hata usugue vipi. Nilipoupasua, ndani kulikuwa na ukoko wa bluu, mgumu, mzito, umeshikamana. Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba. Dumu lile lilikuwa la kuchanganyia dawa ya kahawa. Shaba ilikuwa inayeyuka kidogo kidogo kwenye maji yangu njia nzima, kila basi lilipoyumba, huku nimelikumbatia.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Babu yako akauliza, "Kuna nini? Umejikata?" Nikamwambia hapana baba, ni tumbo tu. Sijamwambia mpaka leo, na wewe usimwambie. Alinibebea maji yale kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na sioni faida ya kumtwisha jambo hilo uzeeni.

Wewe unajua shaba inafanya nini. Ikiingia humo, nishati iliyokuwa iende kwenye yuropiamu inaimeza yenyewe, na haitoi mwanga wowote. Hiyo hata barafu haikutibii. Zinki, jirani yake wa ukuta mmoja kwenye jedwali la elementi, ingeweza kuwamo na mwanga usipate madhara kama hayo. Ndiyo maana ilinibidi nijue ni metali gani niliyonayo, na mimi nilishika joto tu, kwa kuwa joto halikuwa la mtu. Vitu viwili vilikuwa vimebadilika kwa pamoja, hewa na maji, nikachagua kulaumu kile ambacho hakingeniuma. Nimekuwa nikifanya hivyo katika mambo mengi, si maabara tu.

Nilimfanyia baba yako hivyohivyo. Alikuwa bwana afya wa hapa, mtu wa Singida, mpole. Alipopata uhamisho alisema twende wote. Nikamwambia, "Na baba yangu je?" Akasema tutamchukua, au tutakuwa tunakuja. Nikasema hajui milima yetu, hajui watu wetu, hajui nini na nini. Akaondoka peke yake, na kwa miaka yote nikakuambia kwamba uhamisho wa serikali ndio uliotutenganisha. Uhamisho wa serikali uliwapata wengi, Winfrida, na wengi walipanda gari moja.

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote. Ulikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nimebaki na kichupa kimoja cha kwanza kabisa, cha kabla ya dumu, na tulipokuwa Litembo mwezi wa Julai, baridi inauma mpaka kwenye meno, nikakuingiza kwenye stoo ya kahawa ya babu, nikafunga mlango, nikakimulika kwa ile tochi wanayokagulia noti bandia. Ukawaka wekundu mpaka magunia yakaonekana. Ulikishika kwa mikono miwili kama unapokea komunyo. Tulipotelemka huku ziwani ukataka kuwaonyesha wenzako, tukaingia nao chumbani, tukafunga pazia, na kikawa kimefifia kwa joto la bati hili. Wenzako wakasema mbona si kitu. Ulilia. Nikakuchukua mpaka kwa mama anayeuza samaki, tukakitumbukiza kwenye sanduku lake la barafu tukasubiri, tukajifunika kitenge chake tukamulika, na wekundu ukawa umerudi. Ukaniambia, "Mama, kumbe hakijafa. Kilichoshwa na joto tu."

Nilicheka mbele yako. Nyumbani nikaenda nyuma ya choo nikalia, kwa sababu nilikuwa na wivu. Wivu kwa mtoto wa darasa la tatu! Uliona kwa mchana mmoja kile nilichopewa kukipima, na ulikuwa huogopi kitu. Hapo ndipo nilipojua kwamba wewe utaifanya kazi hii na mimi sitairudia.

Sasa umepewa nafasi ya kuchanganya hizo metali mbili, yuropiamu na tebiamu, mpate alama ya kubandika kwenye chupa ya chanjo. Ukiimulika ikiwa ya kijani, chanjo ni baridi. Ikielekea kwenye wekundu, joto limeingia. Nimewaza zahanati zetu za huku pwani ya ziwa, chanjo inasafiri kwa boti juani, na nesi anabahatisha kwa kugusa kasha kwa kiganja. Ninaitaka kazi hiyo ifanyike. Nataka uifanye wewe. Hilo nalisema kwa moyo wote, na liandike mahali.

Babu yako hatakosa kitu. Hospitali iko karibu naye kuliko ilivyo karibu na mtu yeyote wa familia hii. Mjomba wako Otmar anaishi mlango wa pili, na mkewe anapika vizuri kuliko mimi, ukweli usemwe. Likizo zote nitapanda. Atakachokosa ni wewe, na ukisubiri mwaka, mwakani atakukosa vilevile, ila atakuwa mzee zaidi na swali litakuwa gumu zaidi. Mimi ninalijua swali hilo. Nililijibu mara moja tu, na jibu likaendelea lenyewe mpaka leo.

Sasa nikuambie kinachonitisha. Babu hanitishi. Kinachonitisha ni kwamba ukishuka kwenye gari jioni hii ukaniambia, "Mama, nimeamua kubaki," nitafurahi. Nitakukemea kwa mdomo, nitasema umefanya nini wewe mtoto, huku moyo unacheza ngoma. Nitakwenda kununua samaki mkubwa, mbasa, nitampika kwa nazi, tutakula mpaka tushindwe kunyanyuka. Nitalala usingizi ambao sijaupata tangu barua yako ya kukubaliwa ifike. Basi usinisome usoni leo. Uso wangu utasema baki. Soma karatasi hii.

Na kwa sababu najijua, nasema na hili la baadaye. Ukishafika huko, siku za mwanzo nitajikaza. Halafu mvua zitaanza, barabara ya Mbinga itakuwa matope, shule itakuwa imefungwa, na nitakaa hapa nikitazama ziwa. Nitakupigia. Nitakuambia presha imepanda. Nitakuambia babu anakuulizia kila siku, kwamba nimekuota, kwamba njoo mara moja tu nikuone halafu utarudi kwenye masomo yako. Nitalia, na hayo yote yatakuwa ya kweli, maana sisi hatuwaiti watoto wetu kwa uongo. Babu yako naye hakuniita kwa uongo.

Siku hiyo mpigie mjomba Otmar. Yeye hajui kupamba maneno, na mara nyingine hilo ni baraka. Akikuambia kuna msiba, amua mwenyewe, nami sitakuhukumu kwa lolote utakaloamua. Akikuambia wapo, wanakula, mama yako jana alikuwa sokoni anagombana na watu juu ya bei ya nyanya, basi kata simu urudi kwenye kazi yako. Nitakununia. Huenda nikanuna muda mrefu, nina kipaji hicho, nawe unakijua. Niache ninune.

Gari limepiga honi kule kwenye kona ya shule. Nakunja karatasi hii naiweka ndani ya begi lako, chini ya sweta la shangazi, uikute ukiwa umeshafika mbali. Na kama umerudi kutoka Litembo ukiwa umeamua kubaki, nitaitoa begini nikupe mkononi, na nitasimama mbele yako mpaka uimalize.

Mungu akutangulie, mwanangu, na akupe watu wema huko.

Nitakuita, Winfrida. Najijua. Usije.

Mama yako